Mguu Ulifika

Inatangazwa kwa wananchi wote wa nyumba hii, walioko mezani na walioko jikoni, kwamba Serikali, baada ya uchunguzi wa kina na mashauriano na wataalamu wa ndani na nje, imeona haja ya haraka ya kununua usukani wa gemu kwa manufaa ya afya ya umma.

"Takataka umemwaga?" mama akauliza.

Serikali ilikuwa haijamwaga takataka. Serikali ikanyanyuka, ikabeba ndoo, ikatoka nayo uani huku maji ya maganda yakiidondokea vidoleni.

Huyo ndiye Mheshimiwa. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu tangu aanze shule ya bweni hakuweza hata kuomba chumvi bila kutoa hotuba. Shuleni alikuwa bingwa wa vituko. Ndiye aliyeivisha kengele ya asubuhi soksi ili bweni zima lilale, na ndiye aliyemkabidhi kiranja wa usafi salamu za pongezi kutoka kwa umoja wa kunguni. Vituko vyake vilikuwa na kanuni moja: kituko kikishafanikiwa, mwenyewe hujitokeza na kutangaza, watu wakacheka, adhabu ikaja, akaipokea kifua mbele. Kituko kisichotangazwa, alikuwa akisema, ni uovu wa kawaida tu.

Alipomaliza kunawa alirudi mezani, akaendelea na hoja palepale alipoikatia.

Baba yake alikuwa dereva wa basi la masafa marefu. Kiharusi kilimkuta nyumbani, ameinama anafunga kamba za viatu, na watu wakasema ashukuru hakikumkuta barabarani. Mkono ulirudi. Maneno yakarudi. Mguu wa kulia ndio uliobaki nyuma, kama abiria aliyeshuka kuchimba dawa na basi likaondoka. Kampuni ilimwekea siku: Jumatatu ya mwisho ya likizo ya shule, angekaa kwenye usukani na mkaguzi pembeni yake. Akifaulu, anarudishiwa basi lake. Akishindwa, atatafutiwa kazi nyingine. Mtihani ni mmoja, haurudiwi. Mle ndani hakuna aliyethubutu kuuliza hiyo kazi nyingine ni ipi.

"Kwa hiyo," Mheshimiwa akasema, "mgonjwa anahitaji mazoezi. Usukani wa gemu unakuja na pedali. Pedali hukanyagwa kwa mguu. Kuna swali?"

"Mimi ninalo," mama akasema. "Mgonjwa ni baba yako au ni wewe?"

Baba akacheka, upande mmoja wa mdomo ukiutangulia mwingine. "Mwache, mama watoto. Mtoto akililia wembe mpe, akinikata mimi si ndiyo mazoezi yenyewe?"

Tuseme ukweli, maana hadithi ikianza na uongo huishia na uongo: Mheshimiwa hakuwa na habari na mguu wa mtu. Alikuwa bingwa wa gemu za magari kwa pedi ya vidole, hajawahi kushindwa mtaani, na bwenini alikuwa amesikia kwamba kuna kiwango cha juu zaidi, cha wenye usukani. Mguu wa baba ulikuwa tu mlango uliokuwa wazi, akapita.

*

Dukani, masanduku yalipangwa hadi darini. Mheshimiwa alikwenda moja kwa moja kwenye usukani wenye taa nyekundu pembezoni.

"Huu hapa. Nchi imepata rais."

"Huo ni wa mashine za kampuni nyingine," muuzaji akasema. "Soma ubavuni mwa boksi, kijana. Ukiuchomeka kwenye mashine yenu, utawaka taa tu kama mti wa maonyesho."

Rais akang'olewa madarakani kabla ya kuapishwa. Muuzaji akaweka mezani mwingine, mdogo, mwepesi. Baba akaushika, akafumba macho, akauzungusha. Uligoma kabla haujamaliza mzunguko mmoja, halafu ukarudi katikati kwa kishindo.

"Ndani kuna mpira," muuzaji akaeleza, "ndio unaourudisha."

"Manati hii," baba akasema. "Na hili duara ni sufuria yenye vitufe. Mwingine."

Wa tatu ulikuwa mzito. Ulikuwa na mota ndani, ambayo hukaza usukani kwenye kona na kuutikisa ukipanda ukingo wa barabara; nao ulizunguka mara mbili na nusu kutoka mwisho hadi mwisho, kama wa gari la kweli. Baba aliuzungusha taratibu, kiganja kikipita juu ya kiganja, na Mheshimiwa akaona mabega ya baba yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo. Kisha baba akauweka kaunta. Akaomba pedali. Akapiga goti palepale sakafuni, akaikandamiza breki kwa mkono.

"Laini mno. Breki hailaliwi kama mto."

"Hiyo ina kipande cha mpira nyuma, mzee wangu, tunaweza kukuwekea kigumu zaidi," muuzaji akasema, naye akacheka. "Wateja wote huuliza usukani. Wewe unauliza pedali."

"Usukani ni wa kujionyesha," baba akasema, akijishika kwenye kaunta ili asimame. "Gari ni breki. Asiyeweza kusimama asiondoke."

Mheshimiwa aliyakumbuka maneno hayo baadaye, wakati ambapo angependa sana kuyasahau.

*

Aliyekuja kuufunga ni mjomba, kaka yake mama, ambaye ana chumba cha kuchezeshea gemu na ulimi usiojua likizo.

"Dada, meza hii ya cherehani ndiyo yenyewe. Nyingine zote zinacheza dansi."

"Na mimi nishonee wapi? Kichwani kwako?"

"Asubuhi ya shemeji, jioni ya kwako. Mbona mmeoana miaka yote hiyo mkigawana kitanda?"

Walitia kitambaa chini ya vibanio vya usukani ili visiing'ate mbao. Kiti cha magurudumu kilijaribiwa, na baba alipokanyaga breki akarudi kinyumenyume hadi mlango wa jikoni, mama akamkwepa na sufuria mkononi. Kikaletwa kiti cha kulia chakula. Pedali nazo zikateleza mbele kwenye sakafu, mpaka mjomba alipoziegemeza kwenye ubao uliogusa ukuta. Alipowasha, usukani ukajizungusha wenyewe kulia, ukajizungusha kushoto, mama akaruka.

"Una nani ndani huo?"

"Unajipima, dada. Na nyote msikilize, hasa wewe Mheshimiwa. Ukiwashwa, mikono mbali mpaka umalize. Halafu kanyaga kila pedali hadi mwisho, mara moja. Hapo mashine inajifunza mwisho wa mguu uko wapi. Ukiidanganya mwanzoni, itaamini hivyo mpaka uizime."

Mheshimiwa alilisikia hilo kwa sikio la kulia, na kinyume na desturi yake, halikutokea la kushoto.

Siku za kwanza zilikuwa za kuhuzunisha na kuchekesha. Baba aligonga kuta, aligonga miti, aligonga magari ya watu yaliyoegeshwa kwa amani. Mguu ulitetemeka, kisigino kikapotea njia kati ya breki na mafuta. Lakini kila asubuhi baada ya chai alikaa pale, kama mtu aliyeingia zamu. Pembeni mwa runinga kulikuwa na mstari mwekundu uliopanda kadiri breki inavyokanyagwa. Mwanzoni ulipanda kwa kigugumizi. Baadaye ukawa unapanda mara moja, moja kwa moja, unasimama, unashuka. Mama aliacha kulalamikia meza yake. Alisimama mlangoni na kitambaa begani akiutazama ule mstari, midomo ikicheza kama anayehesabu mishono.

Hapo ndipo baba alipofanya kosa. Alimshinda Mheshimiwa.

Alimshinda mbele ya Kamati Kuu, yaani vijana wawili wa jirani waliokuwa wakimpigia Mheshimiwa makofi tangu wana meno ya utoto. Hakuwa na kasi kubwa. Alifunga breki mapema, kwa upole, akaingia kila kona kana kwamba nyuma yake kuna akina mama wamepakata watoto wamelala. Mheshimiwa aliruka nje ya barabara mara mbili akimkimbiza.

"Mheshimiwa ameanguka jimboni!" Kamati ikapiga kelele. "Kura zimehesabiwa! Kashindwa na mstaafu!"

"Mstaafu mama yako," baba akajibu, akicheka mpaka machozi. "Mimi Jumatatu naingia kazini. Mheshimiwa, pole. Siasa ina wenyewe."

Kamati ilitoka na wimbo, na wimbo ukazunguka mtaa. Hadi muuza mkaa alimsalimia Mheshimiwa kwa heshima zote za mbunge wa zamani.

*

Alhamisi kabla ya mtihani, Mheshimiwa alichukua mkasi wa mama, akakata kipande cha kisigino cha kandambili yake ya shule. Mpira wa buluu, unene wa kutosha.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, nao usibezwe. Angesubiri baba awashe, akanyage pedali hadi mwisho, mashine ijifunze. Kisha angechomeka mpira nyuma ya breki. Mguu ungefika mwisho, lakini mwisho wenyewe ungekuwa umesogezwa, na mashine ingeona nusu tu. Mstaafu angeruka kona ya kwanza, Kamati ingeshuhudia, jimbo lingerudi kwa mwenyewe. Halafu tangazo, kicheko, adhabu, kifua mbele.

Asubuhi hiyo, Kamati ikiwa imeshaalikwa na imekaa tayari, mlango ukagongwa katikati ya yote. Baba alikuwa ameshawasha, ameshakanyaga. Akanyanyuka kwenda kufungua. Aliyegonga alikuwa kondakta wake, mtu mfupi mwenye sauti ya stendi, aliyefanya naye kazi tangu ujana. Walipokuwa wakikumbatiana mlangoni, Mheshimiwa aliinama chini ya meza kama aliyeangusha kitu, akauchomeka mpira. Uliingia kwa urahisi kuliko alivyotegemea. Uliingia mpaka ndani.

"Dereva wangu!" kondakta akanguruma. "Jumatatu nimejiwekea kiti nyuma ya mkaguzi. Nataka nimwone anavyotoa jasho. Haya, nionyeshe hiyo ndege yenu."

Baba akakaa. Alijinyoosha kidogo, kama mtu anayepigwa picha. Akaondoka vizuri, akashika mwendo, kona ikaja, akakanyaga.

Gari halikusimama. Lilipitiliza, likavunja uzio, likaingia kwenye watazamaji. Kamati ikaangua kicheko. Kondakta naye akacheka, akampiga baba begani.

"Hao abiria uliowapitia walikuwa na tiketi?"

Baba akatabasamu, akaanza upya. Kona ileile. Uzio uleule. Mara ya tatu kondakta hakucheka tena. Alikuwa anautazama mguu.

"Umekanyaga?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nimekanyaga. Umefika chini kabisa." Baba aliutazama mstari mwekundu. Ulikuwa umefika nusu, umesimama pale, hautetemeki. Akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Nusu. "Mimi nausikia umefika," akasema. "Mashine inasema haujafika."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa tangazo. Kamati ilikuwepo, mshindwa alikuwepo, mdomo ulikuwepo. Lakini baba alikuwa ameweka kiganja juu ya goti lake, akilishika jinsi mtu anavyomshika mtoto wa jirani aliyevunja kitu, hataki kumpiga wala hawezi kumwachia. Mheshimiwa akaona labda jioni ingefaa zaidi.

Baba akazima mashine, akamsindikiza kondakta hadi nje. Mheshimiwa akajitupa chini ya meza na rula. Kila alipouchokoa mpira, ulizama zaidi, mpaka ukawa hauonekani. Ungetoka kwa bisibisi tu, na bisibisi ilikuwa kwa mjomba, na mjomba angeuliza ya nini.

Jioni baba alikula kidogo, akawahi kulala. Tangazo likaahirishwa hadi asubuhi.

Asubuhi baba hakuwepo. Alikuwa amevaa sare yake ya udereva, iliyopigwa pasi kwa ajili ya Jumatatu, akaenda yadi ya mabasi ya kampuni. Alirudi mchana ameikunja chini ya kwapa, na mwilini amevaa sweta la kijivu lenye mikono mifupi kuliko mikono yake.

"Nimewaambia wasimsumbue mkaguzi," akamwambia mama. "Wamenipa geti. Mabasi yakija nainua kizuizi, yakitoka nainua kizuizi."

Mama akavuta ile mikono ya sweta, kushoto, kulia, kana kwamba ingerefuka.

"Lakini daktari alisema unaweza," akasema baadaye.

"Daktari hapandi basi langu. Breki nusu ni kaburi zima. Bora nimeijulia sebuleni, nimegonga uzio wa kuchora."

Mheshimiwa akajaribu. Apewe haki yake, alijaribu. "Baba, labda mashine ndiyo mbovu. Jaribu tena kidogo."

"Mashine haina ugomvi na mimi, mwanangu," baba akasema, na kwa upole ule akawa amemfunga mdomo zaidi ya kofi.

Kati ya mchana huo na Jumatatu, mlango ulikuwa bado wazi. Sentensi moja ingetosha, baba angerudi ofisini, sare ilikuwa bado ina mikunjo ya pasi. Jumamosi Mheshimiwa aliiandaa sentensi hiyo, akaipamba, ikawa hotuba, akaona hotuba haifai. Jumapili baba alikaa kizingitini akijifunza kupuliza filimbi ya geti, inayotoa sauti ya kuku aliyekabwa, naye Mheshimiwa akamtazama tu. Jumatatu kondakta akapita kusema kwamba mtihani ameufanya dereva mwingine, kijana, amefaulu, basi amekabidhiwa. Alisema hayo akiangalia viatu vyake.

"Hivi hiyo kandambili yako mbona imetafunwa?" mama akamuuliza Mheshimiwa siku mojawapo ya wiki hiyo. "Huko bwenini mnafuga panya?"

"Ndiyo, mama," akasema, na hakuongeza neno. Mama akamwangalia mara mbili, akamgusa paji la uso kama ana homa.

*

Mjomba alikuja kuuchukua usukani, maana baba alisema ukae kwa wanaoweza kuutumia, na mama anataka meza yake. Baba alikuwa ametoka zamu, amekaa na sweta lake, filimbi ikining'inia shingoni. Mjomba alilegeza vibanio, akaviringisha nyaya, akainua pedali, akazikanyaga kwa kiganja moja moja, kwa mazoea ya kazi. Mafuta, sawa. Klachi, sawa. Breki.

Akarudia breki.

"Hii haiendi mwisho."

Mheshimiwa alikuwa mlangoni. Miguu yake ilitaka kwenda mbali, lakini ilikuwa imevaa kandambili.

Mjomba akachomoa bisibisi mfukoni, akafungua kifuniko, akaingiza vidole viwili, akatoa kitu cha buluu. Akakipuliza vumbi, akakigeuza. Katika shule ya bweni kandambili huibiwa kama hewa, kwa hiyo kila mwanafunzi huichoma namba yake kwa msumari wa moto. Kwenye kipande kile palikuwa na nusu ya tarakimu ya nane.

"Nini hiki?" mama akauliza, lakini macho yake yalishashuka mlangoni, kwenye mguu wa kushoto wa mwanawe, kwenye kisigino chenye pengo la mraba, na kando ya pengo nusu nyingine ya ile nane.

Baba akanyoosha mkono, mjomba akampa. Baba akanyanyuka, akautembeza ule mguu wake mpaka mlangoni, akainama akijishika kwenye fremu, akakipachika kipande mahali pake. Kikaingia barabara. Namba ikakamilika.

Alibaki ameinama muda. Aliponyanyuka alikuwa anahema.

"Uliweka kabla sijawasha," akauliza, "au baada?"

Lilikuwa swali la dereva. Mjomba alilielewa, akageuza uso. Mheshimiwa pia alilielewa.

"Baada," akasema. "Mashine ilikuwa imeshajua mwisho wako."

"Kwa hiyo mguu ulifika."

"Ulifika, baba."

Mama akaketi kwenye kiti cha kulia chakula, kilekile, akaweka mikono juu ya meza yake iliyo tupu. Nje Kamati ilikuwa inapita, inaimba ule wimbo wa jimbo, ikaita jina lake, ikakosa jibu, ikaenda zake.

Mheshimiwa akavuta pumzi. "Inatangazwa..." akaanza, kwa sababu mdomo wake haukujua mwanzo mwingine, na sauti ikamkatikia hapohapo. Akaanza upya kama mtoto mdogo. "Ni mimi. Nilitaka kukushinda. Mbele ya wale. Ni hivyo tu, baba, hakuna kingine."

Baba alikuwa anaizungusha filimbi kwenye kamba yake, kidoleni, taratibu.

"Na Jumapili," akasema, "nilipokuwa nimekaa pale kizingitini. Ulikuwa unajua?"

Kulikuwa na majibu mengi mazuri. Alikuwa ameyaandaa wiki nzima, yamepambwa, yana mwanzo na mwisho.

"Nilijua," Mheshimiwa akasema. "Ijumaa nilijua. Jumamosi nilijua. Jumapili nilikuangalia unapuliza, na nilijua."